Tumbo la Hedhi: Dawa za Jikoni Zipimwe kwa Daftari

Kila shule ya bweni ya wasichana ina kitanda ambacho hakikai kitupu. Hapa Tanga, katika shule ninayofundisha baiolojia na kulea bweni, kitanda hicho kiko karibu na dirisha la chumba cha wagonjwa, na wengi wanaokilalia hawana malaria wala homa ya matumbo. Wana tumbo la hedhi. Msichana anaingia amejikunja, kiganja amekibandika chini ya kitovu, jasho limemtoka usoni. Ukimuuliza anajibu kwa sauti ndogo, "Madam, ni lile la kila mwezi." Halafu anaomba radhi, kana kwamba amefanya kosa.

Nawaelewa, kwa sababu ujana wangu ulipita hivyo hivyo. Nilivunja ungo nyumbani kwa bibi, Muheza, na somo wangu alinifundisha mengi ya maana ambayo mpaka leo nayashika: usafi, adabu, namna ya kuhesabu siku. Kuhusu maumivu alisema ni ya wanawake wote, na kwamba yangeisha nikishazaa. Ni kweli wapo ambao maumivu hupungua baada ya uzazi. Lakini kwa binti aliye kidato cha kwanza hilo si jibu, na haifai kumpa subira ya miaka kumi mtu anayeumwa leo mchana.

Likizo zikiisha, wasichana wengi hurudi na dawa kutoka nyumbani. Nimezipokea za kila aina: magome yaliyofungwa kwenye gazeti, unga wa kijivu ndani ya kifuko cha nailoni, na mara nyingi chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa kitu cha rangi ya kahawia, mizizi imelala chini, povu jembamba limesimama juu. Haina jina wala tarehe. "Ni dawa ya chango, madam. Mama amesema vikombe viwili kwa siku, siku ya tatu unapona."

Na kweli siku ya tatu anapona. Hapo ndipo penye jambo zima.

Maumivu ya hedhi ya kawaida huanza saa chache kabla ya damu kutoka, au pamoja nayo, na huisha yenyewe kati ya saa 8 na saa 72. Saa 72 ni siku tatu kamili. Kwa hiyo chochote atakachokunywa msichana siku ya kwanza, kiwe mzizi, soda au maji matupu, siku ya tatu kitapewa sifa ya kuponya. Nimeona familia zikitoa fedha nyingi mwezi baada ya mwezi kwa sifa ya namna hiyo. Nimeona pia kinyume chake: dawa ya jikoni yenye nguvu kweli ikidharauliwa, kwa sababu ilinywewa kikombe kimoja, tena maumivu yalipokwishapanda mpaka kileleni. Ndiyo maana mimi na wasichana wangu tunaijaribu dawa kwa daftari.

Kabla ya daftari, tujue kwanza kinachouma ni nini. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujiandalia utando wa ndani ukingoja mimba. Mimba isipotunga, homoni ya projesteroni hushuka, utando huanza kubomoka, na katika kubomoka huko hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizi ndizo zinazouamuru msuli wa mfuko wa uzazi ujikaze ili damu itoke. Zikiwa nyingi, msuli hujikaza kupita kiasi, kama mkono unaokamua tui mpaka machicha yanakauka, na mishipa ya damu iliyomo ndani yake hubanwa. Msuli uliobanwa hukosa oksijeni, na msuli uliokosa oksijeni huuma. Prostaglandini nyingine huingia kwenye mzunguko wa damu na kufika mbali zaidi, ndiyo maana msichana huyo huyo anaharisha, anasikia kichefuchefu, kichwa kinamgonga na mapaja yanamvuta. Wapo walioniuliza kama walikula kitu kibaya. Hawakula kitu.

Kemikali hizi zilipewa jina miaka ya 1930 na mtaalamu wa Uswidi, Ulf von Euler. Mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na mwaka 1982 yeye pamoja na Waswidi wawili, Sune Bergström na Bengt Samuelsson, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya kemikali hizo. Ninawasimulia wanafunzi habari hii darasani kwa makusudi, wavulana wanaokuja kwa masomo ya ziada nao wakiwamo. Msichana anayejua kwamba maumivu yake yana kemikali, na kwamba kemikali hiyo watu wazima waliisomea maisha yao yote, haombi tena radhi anapoingia chumba cha wagonjwa.

Sasa daftari. Ni daftari la kawaida la kurasa 40. Msichana anaandika tarehe damu ilipoanza, saa maumivu yalipoanza, na ukali wake kwa namba: sifuri ni hakuna kitu, kumi ni maumivu ambayo hajawahi kuyapata makubwa zaidi. Anaandika alichotumia, kiasi gani na saa ngapi. Baada ya saa mbili anaandika tena ukali. Mwisho anaandika kama aliingia darasani au hakuingia. Mwezi wa kwanza anaandika tu hali yake ilivyo. Baada ya hapo anachagua kitu kimoja na kukaa nacho mizunguko miwili au mitatu kabla ya kukihukumu. Akichanganya tangawizi, uwatu, dawa ya chupa na vidonge siku moja, hatajua kamwe ni kipi kilichomsaidia na ni kipi kilichomuumiza tumbo zaidi.

Cha kwanza ninachowaanzishia ni joto, na katika dawa zote za asili nitakazozitaja hapa, joto ndilo ninalolitetea bila kusita. Bibi zetu walikanda tumbo kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, au kwa kanga iliyopashwa kwa pasi ya mkaa, na walikuwa sahihi. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilolinganisha joto na ibuprofeni. Wanawake walivaa kiraka cha joto la nyuzi 39 hivi chini ya kitovu kwa saa 12 mfululizo, wengine wakanywa ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku. Joto peke yake lilituliza maumivu sawa na kidonge. Waliotumia vyote viwili walipata nafuu ya kuonekana baada ya saa moja na nusu hivi, wakati waliotumia kidonge peke yake walingoja karibu saa tatu. Joto hulegeza msuli na kuifungua mishipa iliyobanwa, kwa hiyo linakwenda palepale penye shida.

Nyuzi 39 ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ni joto la maji ya kumwogeshea mtoto, likipita hapo kidogo tu. Wasichana wengi huamini kwamba kadiri maji yanavyochoma ndivyo yanavyoponya, nami nimeona matumbo yenye malengelenge, na mengine yenye madoa ya kahawia yaliyotapakaa kwenye ngozi kwa sababu ya kuunguzwa kidogo kidogo kila mwezi. Namna yetu ni hii. Maji yanachemka, yanaachwa yatulie dakika kadhaa, yanamiminwa kwenye mpira wa maji ya moto mpaka theluthi mbili, hewa inakamuliwa nje, kifuniko kinakazwa, kisha mpira unaviringishwa kwa kanga mara mbili. Asiye na mpira anatumia chupa ngumu ya plastiki, na maji yake yawe ya vuguvugu kali tu, kwa sababu yakichemka chupa inajikunja na kifuniko kinaachia. Jambo lenye maana ni muda: joto la wastani linalokaa saa nyingi lina nguvu kuliko joto kali la dakika kumi. Anayekwenda darasani anaufunga mpira tumboni kwa kanga ya pili, sweta juu. Walimu wenzangu wa kiume sasa wanajua na hawaulizi.

Baada ya joto inakuja tangawizi. Ninainunua soko la Ngamiani, mara nyingi ile inayoshuka kutoka milima ya Same, upande wa Mamba Myamba, ambako watu wanaishi kwa zao hilo. Naikata vipande vyembamba, naianika mpaka inavunjika kwa vidole, naitwanga na kuichekecha. Napenda unga kwa sababu unapimika. Tangawizi mbichi ina maji mengi, na kipande cha leo si sawa na kipande cha kesho.

Tangawizi ina kemikali, zikiwamo zile zinazoipa ukali, ambazo hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, yaani inapita njia ileile ya ibuprofeni. Mwaka 2009 nchini Iran wanafunzi 150 wa chuo waligawanywa makundi matatu: tangawizi, asidi ya mefenamiki na ibuprofeni. Nafuu iliyopatikana haikutofautiana sana kati ya makundi hayo. Jaribio lililonigusa zaidi ni la mwaka 2012, kwa sababu nalo lilifanywa bwenini, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Shahed, Iran. Walikunywa unga wa tangawizi miligramu 500 mara tatu kwa siku. Kundi moja lilianza siku mbili kabla ya hedhi na kuendelea siku tatu za mwanzo wa damu. Kundi jingine lilianza damu ilipotoka. Makundi yote mawili yalipungukiwa ukali wa maumivu, lakini ni wale walioanza mapema tu ambao muda wa kuumwa nao ulipungua.

Hapo daftari linalipa. Msichana mwenye mizunguko mitatu iliyoandikwa anajua hedhi yake inakaribia lini, na hata asiye na mzunguko wa kutabirika anajifunza dalili zake mwenyewe: matiti kujaa, chunusi kidevuni, kiuno kuwa kizito. Akiziona, anaanza. Kijiko cha chai kilichosawazishwa juu kinabeba karibu gramu 2 za unga wa tangawizi, kwa hiyo miligramu 500 ni robo ya kijiko. Robo hiyo inakorogwa kwenye kikombe cha maji ya moto au uji, asubuhi, mchana na jioni, baada ya kula. Chai ya maziwa yenye harufu ya tangawizi inafurahisha, lakini kipimo hicho haikifikii.

Kwangu mimi, tangawizi iliyoanzwa mapema inayashusha maumivu kutoka saba au nane mpaka nne au tano, na joto linamaliza kazi iliyobaki. Ikianzwa nikiwa nimekwishajikunja, inanipa kiungulia tu. Miongoni mwa wasichana wangu wapo inaowafaa kuliko mimi na wapo isiowafaa kabisa, na mwenye vidonda vya tumbo simpi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, anayesubiri upasuaji au aliye mjamzito aongee kwanza na daktari.

Mdalasini ninaupenda kwa sababu nimekulia karibu na milima ya Amani, ambako magome yake huanikwa uani na nyumba nzima ikanukia. Nao ulijaribiwa Iran kwa wanafunzi: ulipunguza maumivu kuliko kidonge kisicho na dawa, ingawa ibuprofeni iliushinda. Uwe mdalasini wetu mwembamba unaojikunja tabaka kwa tabaka. Ule mnene wenye gome moja gumu, unaoletwa kutoka Asia ya mashariki, una kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuliumiza ini ukiutumia kwa wingi na kwa muda mrefu.

Uwatu nao umo. Unga wa mbegu zake ulipewa wasichana wa Iran katika siku za mwanzo za hedhi, na maumivu yakapungua. Hapa pwani tunaujua zaidi kwa wazazi wanaonyonyesha. Una uchungu, harufu yake inatoka mpaka kwenye jasho, na unashusha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari anayetumia dawa awe mwangalifu, na mjamzito auache.

Majani ya mpera yalinishangaza. Sisi tunayachemsha kwa ajili ya kuharisha. Nchini Mexico, mwaka 2007, wanawake 197 walishiriki jaribio la dawa iliyotengenezwa kwa majani hayo, na waliopata kipimo kikubwa kati ya viwili vilivyojaribiwa walipungukiwa maumivu. Lakini dawa ile ilikuwa kidonge ambacho kemikali zake zilipimwa kiwandani kwa miligramu. Majani saba kwenye sufuria ni kitu kingine, na nguvu yake inategemea mti, msimu na muda wa kuchemsha. Mchaichai, mrehani na habasoda vinywewe na anayevipenda. Mimi mchaichai siukosi, na faraja yake ni ya kikombe cha moto na kukaa kitako. Faraja nayo ina thamani yake kwa mtu anayeumwa.

Asinielewe mtu vibaya nikitaja majaribio mengi. Mwaka 2016 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kuyapitia majaribio ya tiba na kuyapima uzito, waliyakusanya majaribio 27 ya mimea na virutubisho kwa maumivu ya hedhi. Walikuta dalili za kusaidia kwa vichache, tangawizi na uwatu vikiwamo, lakini wakasema majaribio mengi ni madogo na ushahidi wake ni dhaifu. Nalikubali neno hilo, na ndiyo sababu nyingine ya kushika daftari: msichana ajue kinachomfaa yeye, kwa mwili wake, badala ya kuishi kwa sifa za jirani.

Kuna dawa isiyouzwa sokoni wala dukani, nayo ni kutembeza mwili. Cochrane hao hao, mwaka 2019, walionyesha kwamba mazoezi ya dakika 45 hadi 60, angalau mara tatu kwa wiki, yanaweza kupunguza maumivu ya hedhi kwa kiasi cha kuonekana, yawe ya kukimbia au ya kujinyoosha taratibu. Ni mazoezi ya mwezi mzima, wala si kumkimbiza uwanjani mtu anayetapika. Wasichana wangu wa netiboli wanaumwa kama wengine, ila wengi wao hurudi darasani mapema zaidi.

Sasa niseme juu ya vidonge, kwa sababu nimekutana na wazazi wanaoamini kwamba kidonge kinaharibu kizazi na mzizi hauharibu. Sivyo. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki haziharibu kizazi cha binti anayezitumia siku mbili za mwezi. Majaribio 80 yaliyokusanywa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kati ya wanawake 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 18 walipata nafuu nzuri. Waliopewa dawa hizi, nafuu hiyo waliipata kati ya 45 na 53. Tazama pande zote mbili za hesabu hiyo. Dawa inasaidia kweli, na bado karibu nusu ya watu haiwatoshi, kwa hiyo mpira wa maji ya moto na tangawizi vina nafasi yao hata kwa anayekunywa vidonge. Parasetamo inasaidia pia, ila haina nguvu kama hizo nyingine.

Kama ilivyo kwa tangawizi, siri ya kidonge ni kukiwahi. Kinywewe maumivu yanapoanza, baada ya kula chochote, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kiendelee kwa saa zake siku ya kwanza na ya pili. Prostaglandini zikishatengenezwa, kidonge hakizirudishi zilikotoka. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa hizi, au matatizo ya figo amwone mhudumu wa afya kwanza. Na asichanganye ibuprofeni na diklofenaki akidhani mbili ni bora kuliko moja.

Ile chupa ya kahawia sasa. Siipingi tiba asili, nimelelewa nayo. Nchi yetu ina sheria yake ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kuwasajili waganga na dawa zao, na Muhimbili kumekuwa na watafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974. Ninachokataa ni kitu kisicho na jina la mmea, kisicho na kipimo wala tarehe, chenye ahadi ya kuponya chango, kisukari, presha na kukosa mtoto kwa kikombe kimoja. Dunia nzima zimekamatwa dawa zinazoitwa za asili ambazo ndani yake mlisagwa vidonge vya kawaida vya kutuliza maumivu. Msichana akinywa hiyo na bado akameza diklofenaki, tumbo lake linapata dozi mara mbili bila yeye kujua.

Nakataa pia, tena kwa nguvu zaidi, dawa za kuweka ukeni na kujifukiza sehemu za siri kwa ajili ya kile kinachoitwa kusafisha kizazi. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Damu ya hedhi ni utando uliomaliza kazi. Mvuke unaunguza, na unga wa mizizi ukeni unachubua na kuharibu ulinzi wa asili, maambukizi yakapata njia. Mwarobaini nao usinywewe ovyo na mwanamke anayetaka mtoto au aliye mjamzito, kwa sababu umeonekana kwa wanyama ukizuia mimba na kuitoa.

Daftari lina kazi ya pili, na kwangu hiyo ndiyo kubwa. Maumivu ya kawaida yana tabia: huanza mwaka mmoja au miwili baada ya kuvunja ungo, huja na damu, huondoka nayo, na hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. Kurasa zikianza kuonyesha tabia nyingine, tangawizi ikae pembeni. Tulikuwa na msichana wa kidato cha tatu, mkimya, ambaye namba zake zilikuwa tisa, tisa, kumi, na maumivu yalianza wiki nzima kabla ya damu. Alikuwa akisikia maumivu makali pia akienda haja kubwa, jambo ambalo kwa kinywa chake asingelisema kamwe, ila aliliandika. Nyumbani walikuwa wamekwishampa dawa za chango tangu darasa la saba. Tulilipeleka daftari hospitali pamoja naye, na daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa kabla hajamgusa. Ilikuwa endometriosisi.

Huo ni ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje yake, kwenye mirija, kwenye vifuko vya mayai, hata kwenye utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata wanawake na wasichana milioni 190, karibu mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Mara nyingi hupita miaka mingi kabla haujatambuliwa, na sababu mojawapo ni hii tunayoijua sote: mwenye kuumwa anaambiwa avumilie. Tiba zipo za kutuliza, ikiwamo homoni za aina ya vidonge vya uzazi wa mpango, na wapo wanaohitaji upasuaji. Msichana wetu alipewa vidonge hivyo. Baba yake alivikataa kwanza akihofia maneno ya watu, mpaka daktari alipomkalisha chini na kumweleza. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wake wote akiwa amekaa wima.

Mbali na endometriosisi kuna uvimbe wa faibroidi, ambao huwapata zaidi wanawake wa umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu, na kuna maambukizi ya nyonga. Kwa hiyo mwanamke yeyote anayelowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, anayetoa mabonge makubwa ya damu, ambaye maumivu yamemwanzia ukubwani baada ya miaka ya raha, anayeumwa nje ya siku zake au wakati wa tendo la ndoa, aliye na homa au uchafu wenye harufu mbaya, aende hospitali. Aliyekosa siku zake kisha akapata maumivu makali ya upande mmoja aende siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi, na hilo linaua.

Wakuu wa shule wananiuliza vitu hivi vinagharimu kiasi gani. Birika la umeme, mipira michache ya maji ya moto, mfuko wa unga wa tangawizi, pakiti za ibuprofeni chini ya ufunguo wa matroni, na ruhusa ya msichana kutoka darasani kwenda kujaza maji bila kusimamishwa mlangoni kujieleza. Ruhusa hiyo haigharimu kitu, na ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko vingine vyote kupatikana.

Nawe mzazi utakayemfungia binti yako sanduku la shule mwezi Januari, kati ya pedi na sabuni mwekee mpira wa maji ya moto, kopo dogo la tangawizi lenye kijiko cha kupimia, na daftari. Akirudi likizo, uliombe hilo daftari na ulisome naye.